Barua ya wazi kwa wakuu wa kawi ya mvuke: nani atashika swichi ya pampu?

Kwa Waziri wa Kawi. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Wakurugenzi wa kampuni zinazochimba mvuke Bonde la Ufa. Na magavana wa Nakuru na Baringo.

Waheshimiwa,

Siku si nyingi mtaletewa mezani ombi la kusukuma maji kwa presha kubwa ndani ya mwamba mkavu, kilomita mbili, tatu au zaidi chini ya Bonde la Ufa, ili mwamba ufunguke na mvuke upatikane mahali ambapo haukuwa na njia ya kupanda. Huenda ombi lenyewe tayari limo kwenye faili. Likifika mtaonyeshwa michoro ya rangi na hesabu za megawati, na watakaolileta watakuwa watu wa heshima wanaoijua kazi yao. Nawaomba muwaulize swali moja kabla hamjafika ukurasa wa bei: pampu zikishawaka na ardhi ikaanza kutikisika, ni nani mwenye mamlaka ya kuzizima, na mshahara wake unatoka wapi?

Msinichukue kama adui wa mvuke. Nilifanya kazi kwenye rigi za visima vya mvuke hadi nikastaafu, na nyumba ninayoishi hapa Nakuru niliijenga kwa mshahara huo. Mtambo wa kwanza wa Olkaria ulipoanza mwaka 1981 ulikuwa wa megawati 15. Leo nchi ina zaidi ya megawati 900 za mvuke, na zaidi ya asilimia 40 ya stima yetu inatoka chini ya ardhi. Mvua ikikataa na mabwawa ya mto Tana yakashuka, Olkaria haijui kiangazi. Nani atakataa kitu kama hicho?

Ila kila aliyesimama kwenye rigi anajua jambo ambalo halitajwi siku ya kukata utepe: si kila kisima huleta mvuke. Joto peke yake halitoshi. Unaweza kuchimba mpaka ukafika nyuzi joto 300 na ukakuta mwamba umekazana, hauna nyufa, hakuna kinachopita. Umepata shimo la moto lisilomfaa mtu, na mamia ya mamilioni ya shilingi yamelala humo.

Ndiyo maana kwenye rigi za mvuke kuna jambo linalowashangaza wageni waliozoea visima vya mafuta. Unapochimba, unasukuma maji au tope lishuke ndani ya bomba la kuchimbia, lipoze kekee, kisha lirudi juu pembeni likibeba vipande vya mwamba. Mara unaona limepungua kwenye tangi. Dakika chache baadaye halirudi kabisa. Kwenye mafuta hiyo ni balaa na simu zinaanza kulia. Kwetu watu hutazamana na kuanza kutabasamu (isipokuwa fundi wa saruji, ambaye anajua usiku wake umeharibika), maana maji yaliyopotea yamepata njia, na njia hiyo hiyo ndiyo mvuke utakaopandia. Kisima kinachorudisha kila tone ndicho kinachomnyima msimamizi usingizi. Naomba mliweke akilini hili la tope kupotea, nitalirudia.

Sasa, mwamba ukikataa kunywa, ufanyeje? Huko nje wamekuwa wakilijibu swali hili kwa miaka 50. Wamarekani walianza Fenton Hill, jimbo la New Mexico, miaka ya 1970. Wafaransa na Wajerumani wakaingia Soultz-sous-Forêts, Alsace, mwaka 1987, wakashuka hadi kilomita 5 kwenye joto la nyuzi 200 hivi, na baada ya miaka zaidi ya 20 wakawa na mtambo wa megawati 1.5. Mnaona wenyewe kwamba kwa muda mrefu haikuwa biashara. Mambo yalibadilika majuzi. Mwaka 2023 kampuni ya Fervo ilifanya jaribio Nevada kwa visima vinavyoshuka kisha kulala mlalo, wakaufungua mwamba kipande kwa kipande kwa mbinu walizozitoa kwenye gesi na mafuta, wakapata maji moto ya kutosha megawati 3.5. Sasa wanajenga mradi mkubwa zaidi jimboni Utah. Dunia nzima imegeuza shingo kutazama huko, na sisi tulio na joto karibu na uso wa ardhi kuliko karibu kila mtu hatutaachwa nje. Ndiyo sababu nasema ombi linakuja.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Chini kule mwamba una nyufa za zamani ambazo uzito wa ardhi umezibana. Wakati huo huo nguvu za ardhi zinauvuta na kuusukuma mwamba kutoka pembeni, ila msuguano unazizuia nyufa zisiteleze. Ukitaka kuhamisha kabati zito hulisukumi tu, unaliinua kidogo upande mmoja likawa jepesi, nalo linasogea. Maji ya presha kubwa yanafanya hivyo ndani ya ufa: yanaupunguzia uzito, ukuta mmoja unateleza kidogo, na kwa kuwa kuta zina matuta, haziwezi tena kukaa sawasawa. Panabaki nafasi. Maji yatapita hapo, yatapata joto, na kisima cha pili kitayatoa.

Kila mtelezo wa namna hiyo ni mtetemeko. Naomba Waziri alielewe hili kuliko mengine yote niliyoandika. Mtetemeko mdogo kwenye kazi hii hauji kwa bahati mbaya, ndiyo kazi yenyewe. Mhandisi anayewaambia kwamba hapatakuwa na mtetemeko wowote anawaambia kwamba mwamba hautafunguka. Kinachobaki kujadiliwa ni ukubwa, na ukubwa haupangwi na mhandisi peke yake. Mpasuko mkubwa wa ardhi ukiwa karibu, na ukiwa tayari umeelemewa kwa karne nyingi, maji kidogo yanaweza kuuamsha.

Mtaambiwa: mbona siku zote tumekuwa tukisukuma maji baridi visimani? Ni kweli, nami nimeshiriki. Kisima kikishakamilika, unasukuma maji kwa hatua, unateremsha kifaa cha kupimia kwa waya, unasoma presha na joto kila baada ya mita kadhaa, unajua kisima kinakunywa wapi na kiasi gani. Wakati mwingine unaendelea kusukuma kwa siku kadhaa ukitumaini baridi itaufanya mwamba moto usinyae na nyufa zitafunguka kidogo. Hiyo ni kazi ya kawaida na hakuna haja ya kuiwekea vikwazo vipya. Tofauti ni presha. Basel, Uswisi, ambako nitafika hivi punde, presha kwenye mdomo wa kisima ilikaribia baa 300 (baa ni kipimo cha presha). Pampu za namna hiyo huwezi kuzichanganya na za kupozea kisima, zinakuja kwa malori yake na wafanyakazi wake.

Hivyo kanuni zenu ziuweke mpaka kwa namba: presha kiasi gani mdomoni, lita ngapi kwa sekunde, mita za ujazo ngapi kwa jumla. Msiuweke kwa jina. Nimeishi kwenye rigi muda wa kutosha kujua kwamba kazi ikipewa masharti magumu, kesho yake inaandikwa kwenye ripoti kwa jina lingine. Itaitwa usafishaji wa kisima, na karatasi zitakuwa safi kabisa.

Basel sasa. Desemba 2006 walisukuma takriban mita za ujazo 11,500 za maji kwenye kisima cha kilomita 5, ndani ya mji wenyewe, kwa siku sita. Walikuwa na mfumo wa taa: kijani endelea, manjano punguza, nyekundu simama. Tarehe 8 Desemba mitetemo ilipanda, wakapunguza, wakasimama. Saa chache baada ya pampu kuzimwa ndipo ardhi ikapiga ukubwa wa 3.4. Hakuna aliyekufa, lakini mji ulitetemeka, kuta zikapata nyufa, na bima ikalipa mamilioni ya faranga. Mitetemo mingine ya zaidi ya 3 ikaja Januari na Februari. Mkuu wa mradi alishtakiwa, mahakama ikamwachilia mwaka 2009, na mwaka huo huo mradi ukafutwa moja kwa moja. Watu wa Basel hawakuwa waoga bila sababu. Mji wao uliwahi kuangushwa na tetemeko mwaka 1356, na hadithi yake bado inasimuliwa.

Angalieni kilichotokea pale. Taa zilifanya kazi kama zilivyopangwa. Nyekundu iliwaka, pampu zikazimwa, na pigo kubwa likaja baadaye, kwa sababu maji yaliyokwisha kuingia yanaendelea kusambaa mwambani hata kama huku juu kumenyamaza. Taa inayongoja mtetemeko mkubwa ndipo iwake, inawaka ikiwa imechelewa.

Kisa cha Pohang, Korea Kusini, nawaomba mkisome kurasa zote. Huko walichimba visima viwili vya zaidi ya kilomita 4. Mwaka 2015, wakichimba cha pili, kwenye kina cha takriban mita 3,800 tope jingi lilipotea. Ndiyo ile ishara niliyosema inatutia tabasamu. Walipochunguza baadaye, wataalamu walisema hapo ndipo kisima kilipoukata mpasuko ambao haukuwa kwenye ramani yoyote. Kusukuma maji kulianza Januari 2016. Aprili 2017 ukapiga mtetemeko wa zaidi ya 3. Mtu angetarajia kwamba hapo watu wangekaa chini na kuuliza maswali mazito. Kazi ilisimama kwa muda, ikarudi Agosti, ikaendelea hadi Septemba.

Tarehe 15 Novemba 2017, miezi karibu miwili baada ya pampu ya mwisho kuzimwa, Pohang ilipigwa na tetemeko la 5.5. Matofali ya kuta za chuo kikuu yaliporomoka mbele ya wanafunzi wanaokimbia. Watu zaidi ya 100 waliumia. Ilikuwa mkesha wa mtihani wa kitaifa wa kuingia vyuo vikuu, na serikali ikauahirisha kwa wiki nzima kwa watahiniwa karibu 600,000 nchini kote. Novemba, waheshimiwa, ni mwezi wa KCSE kwetu. Baadhi ya waliopoteza makazi waliishi kwenye mahema yaliyopigwa ndani ya ukumbi wa michezo wa Heunghae kwa miaka. Machi 2019 tume iliyoteuliwa na serikali ilitangaza kwamba maji yaliyosukumwa kisimani ndiyo yaliyouamsha ule mpasuko. Mwisho wa mwaka huo bunge likalazimika kutunga sheria maalum ya kuwafidia watu wa Pohang.

Jumla ya maji yaliyosukumwa Pohang haikupishana sana na ya Basel. Nguvu iliyofunguka ilikuwa zaidi ya mara elfu moja. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba kuna usalama kwa sababu maji yatakuwa kidogo, mpeni jina hilo la Pohang na mngoje jibu.

Nisingekuwa mkweli nikiishia hapo. Mwaka 2018, kwenye kampasi ya chuo kikuu cha Aalto, jirani kabisa na Helsinki, Finland, walisukuma zaidi ya mita za ujazo 18,000 kwenye kisima cha kilomita 6.1 kwa siku 49. Hayo ni maji mengi kuliko Basel. Mtetemeko mkubwa kuliko yote ulikuwa 1.9. Taa nyekundu ilikuwa imewekwa kwenye 2.1, nao hawakuigusa. Waliweza kwa sababu vipima-mitetemo vilikuwa vingi, vingine vimezikwa ndani ya visima, matokeo yakifika kwa dakika, na pampu zilipunguzwa au kupumzishwa mara mwenendo ulipobadilika, bila kungoja pigo. Chuo Kikuu cha Helsinki nacho kilikuwa na macho yake kwenye mitetemo hiyo. Watu walisikia ngurumo chini ya nyumba zao, wakalalamika, wakajibiwa. Mradi wenyewe baadaye haukupata faida ya kibiashara, lakini hilo ni la mwekezaji. La umma, yaani usalama, lilisimamiwa.

Yote hayo yalitokea mbali, na mtu anaweza kusema ni ya wazungu na Wakorea. Basi turudi nyumbani. Kaldera ya Menengai, yaani shimo kubwa la volkano, iko juu ya Nakuru, na mji umepanda mteremko wake wa kusini. Ni jiji tangu Desemba 2021, na wakazi wake ni zaidi ya nusu milioni. Tarehe 6 Januari 1928, Subukia, si mbali na hapa, palipigwa na tetemeko la 6.9, na ardhi ikapasuka hadi juu. Wakati huo Nakuru ilikuwa kituo cha reli na maduka machache. Leo hesabuni wenyewe ghorofa za mawe ya kuchonga zilizojengwa kwa mchanga mwingi na saruji ya kuhesabu. Mkitaka kujua tetemeko la ukubwa unaokaribia wa Pohang linafanya nini kwa nyumba kama zetu, ulizeni Bukoba. Septemba 2016 lilipiga la 5.9, la maumbile tu, hakuna aliyesukuma maji. Watu zaidi ya 15 walikufa, na nyumba zilizoanguka au kupasuka zilihesabiwa kwa maelfu.

Kwa maoni yangu, kama ni lazima tujaribu, Menengai isiwe ya kwanza. Kuna sehemu za Baringo, huko Paka na Silali, ambako watu ni wachache na nafasi ni kubwa. Nasema hivyo huku nikijua jinsi inavyosikika kwa Mpokot wa Tiaty. Boma lake lina thamani ile ile ya ghorofa ya mtu wa Milimani, tena yeye hana bima wala wakili. Basi apewe ulinzi ule ule na zaidi, na aulizwe kwanza. Isiwe tumepeleka hatari mahali ambapo kelele zake hazitafika Nairobi.

Olkaria inatupa funzo la hilo. Wamaasai waliohamishwa kupisha Olkaria IV mwaka 2014 walikuwa na malalamiko kuhusu ardhi, nyumba na jinsi walivyoshirikishwa. Malalamiko hayo yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, wachunguzi wakaja, ikabidi paletwe wasuluhishi. Fikirieni: mtu wa Naivasha anasikilizwa kupitia Washington na Luxembourg kwanza. Nyumba ikihamishwa unaweza kukaa mezani miaka miwili mkajadiliana. Ardhi ikitikisika hakuna meza.

Narudi kwenye swichi, maana ndiyo niliyokuja kuiombea. Naomba kwenye kila kisima kitakachosukumiwa maji kupita ule mpaka wa namba, awepo afisa mmoja aliyeajiriwa na umma, mtaalamu wa mitetemo, mwenye haki kwa maandishi ya kusimamisha pampu bila kumpigia simu mtu yeyote. Gharama yake ilipwe na mwekezaji kupitia mfuko wa serikali, ili bosi wake asiwe mwekezaji. Ninajua presha ya rigi, hii ya watu. Rigi ikikaa bila kazi kwa siku moja pesa inayopotea inaandikwa ubaoni kila mtu aione. Nimewaona wahandisi wazuri, watu waaminifu, wakisema "tumalizie hatua hii tu" kwa sababu ya ubao huo. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa. Ila swichi isiwe mkononi mwa mtu anayeutazama ubao.

Viwango vya taa viwekwe kabla ya tone la kwanza, na visibadilishwe katikati ya kazi bila tangazo la wazi. Visitegemee ukubwa wa mtetemeko mmoja tu. Mitetemo ikianza kujipanga kwenye mstari mmoja, hata kama ni midogo, huenda kuna mpasuko unaoamka, na hiyo iwe sababu ya kusimama. Tope likipotea ghafla kwenye kina kikubwa, pasisukumwe kitu kwa presha hadi ijulikane limekwenda wapi. Na pampu zikizimwa, uangalizi usikunje virago, kwa kuwa Pohang ilipigwa miezi karibu miwili baadaye.

Vipimo vya mitetemo midogo vimekuwa vikifanywa Olkaria na Menengai kwa miaka mingi. Tunaomba matokeo yake yafunguliwe kwa umma. Katiba ibara ya 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinatosha, hakuna sheria mpya inayohitajika hapo. Uswisi baada ya Basel, idara ya kitaifa ya matetemeko ndiyo inayofuatilia miradi ya jotoardhi na mtu yeyote anaona matokeo. Mwanafunzi wa Egerton aweze kuona kwenye simu yake mtetemeko wa usiku wa jana ulikuwa wapi na wa ukubwa gani. Vipimo vianze angalau mwaka mmoja kabla ya kusukuma, la sivyo hatutajua ni mitetemo ipi ya ardhi yenyewe na ipi ya pampu, na ubishi huo utamfaa mwenye pampu peke yake.

Nyumba nazo zipigwe picha kabla, ukuta kwa ukuta, kwenye eneo litakalokubaliwa, mwenye nyumba akibaki na nakala yake. Ufa ukitokea baadaye, mwenye pampu ndiye athibitishe kwamba haukutokana na kazi yake. Mama mwenye nyumba za kupangisha pale Kiamunyi hawezi kumwajiri mwanajiolojia. Na pesa za fidia ziwekwe benki kama dhamana kabla leseni haijatolewa, maana kampuni inayoshindwa mradi huwa haina kitu siku unapoidai.

Suala la maji nitaligusa tu. Mita za ujazo 11,500 za Basel ni malori 1,150 ya lita 10,000. Ukiyapeleka Baringo wakati wa kiangazi, ambako mbuzi na rigi tayari wanategemea Ziwa Baringo lile lile, utahitaji jibu zuri kuliko "tumepata kibali". Yakirudi juu yamebeba chumvi na madini ya chini, nayo hayafai kuachwa kwenye bwawa lililotandikwa plastiki iliyotoboka.

Sheria ya Kawi ya 2019 imeuweka mvuke wote ulio chini ya ardhi mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kama mvuke ni wenu kwa niaba yetu, basi na mtetemeko utakaotokana na kuutafuta ni wenu kwa niaba yetu. Hamuwezi kuchukua kimoja na kumwachia mwekezaji kingine.

Ninachoomba ni rasimu ya kanuni kabla ya leseni ya kwanza, iandikwe pia kwa Kiswahili, isomwe kwa Kipokot huko Tiaty, ipelekwe kwenye mabaraza ya machifu wa Bahati, Rongai, Gilgil na Tiaty, na wananchi wapewe siku za kutosha kuijibu. Mkutano wa hotelini Naivasha wenye chai na vitabu vya kusaini usihesabiwe. Mkimtuma mhandisi kutuelezea, aje na namba zake, hasa presha ya juu kabisa itakayoruhusiwa mdomoni mwa kisima na jina la ofisi itakayoshika swichi. Kwenye baraza la Bahati nitakaa mbele, na hizo mbili ndizo nitakazouliza.

Wenu,

Mstaafu wa rigi,
Nakuru